Kabla hujaandika "hajui kusoma"

Kazi yangu ni kufunza walimu namna ya kufundisha kusoma, na kwa vile nakaa Lamu, kila likizo napigiwa simu na vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu, wanataka kuja kutoa huduma kwa jamii, wana vitabu, wana watu thelathini, wana wikendi moja. Huwa nafurahi sana na nawaambia karibuni. Lakini kuna mambo nawaeleza kabla hawajapanda boti pale Mokowe, na leo nayaandika.

La kwanza ni Kiamu, lahaja ya Kiswahili tunayosema hapa Lamu. Wengi wanakuja na ule mtihani mfupi, mtoto anasoma dakika moja na wewe unahesabu maneno aliyopatia. Ni mtihani mzuri, hata mimi nautumia. Sasa mtoto wa Matondoni unamwekea karatasi imeandikwa "njia", yeye anasema "ndia", "macho" anasema "mato", "moja" anasema "moya", na mgeni wetu ashapiga mistari mitatu, makosa matatu. Mtoto anaiona ile kalamu. Nilikuwa nimekaa benchi hiyohiyo nikamsikia sauti inashuka, kufika mstari wa pili ananong'ona tu. Na hakukosea jamani! Ameona herufi, amepata neno, amepata maana, akalitamka kama mamake anavyolitamka, huko ndo kusoma kwenyewe. Angesoma "ndaa" mahali pa "njia" hapo sawa, weka kosa, maana ndaa ni njaa. Kanuni za mtihani huu zenyewe zinasema lahaja ya mtoto si kosa, ila mtu wa kutoka bara atajuaje lipi ni lahaja na lipi ni kubahatisha? Ndo maana siku hizi kila mgeni namkalisha na kijana wa hapahapa aliyemaliza fomu foo.

La pili, na hili linaniuma zaidi, ni mama zetu. Wanaulizwa "mama unajua kusoma?" naye anajibu "sikusoma mwanangu, nilisoma chuo tu." Kwetu chuo ni madrasa. Basi kwenye fomu anaandikwa hajui. Mama huyohuyo Magharibi ikishaswaliwa anafungua msahafu na anasoma, na Kiswahili chenyewe huku kwetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne kabla ya hizi za Kizungu! Anajua tayari kwamba alama ni sauti na sauti zikiungana ni neno. Huyo humuanzishi sifuri. Mwandikie jina lake kwa Kiarabu, chini yake uliandike kwa hizi herufi zetu za skuli, umuache aangalie. Mwanzo kidole kitaanzia kulia, kawaida, mpe muda.

Halafu irabu. Kiarabu kina harakati tatu, yaani zile alama za irabu, Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo e na i zinamchanganya, o na u vilevile. "Pete" itakuwa "piti", "mtoto" atakuwa "mtutu". Usimwambie amekosea ukapita, mpe maneno mawili mawili, lea na lia, choma na chuma, ayaseme kwa sauti huku anaandika, mdomo wenyewe unamuonyesha tofauti.

Haya yote hayaingii kwenye wikendi moja yenye picha na fulana. Watu kumi wakija Jumamosi nne ni bora kuliko arubaini siku moja, na vitabu mkiviacha ulizeni ufunguo wa kabati anakaa nao nani, manake nimeona maboksi yamefungiwa afisini mpaka mchwa wakaingia.

Kikundi kimoja kilirudi Jumamosi zote nne. Ile ya mwisho mama mmoja aliomba simu yake, akaandika meseji kwa mwanawe aliye Mombasa, herufi moja moja, tulingoja karibu robo saa: "nimeandika mwinyiwe". Haikupita dakika simu ikalia, kijana anauliza, mama, ni nani huyo amekuandikia?