Je, wajua kwa nini zebaki huumiza zaidi inapochomwa?

Mnunuzi wa sangara pale Kirumba, Mwanza, ana haki ya kuuliza kama samaki huyo amebeba zebaki ya machimboni, lakini anayeumia kwanza ni yule aliyeinama juu ya jiko la mkaa, akingoja dhahabu yake iive.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Misungwi husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake, kisha huchanganya mchanga mzito uliobaki na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kuuacha mchanga. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki donge jeupe, dogo kama punje ya hindi, nalo huwekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzijoto 1,064. Hivyo donge hugeuka taratibu kuwa la manjano, na karibu zebaki yote iliyokuwamo huwa imekwenda hewani.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna anayeukimbia. Zebaki ya majimaji ikimezwa, utumbo huifyonza kidogo mno, lakini ikivutwa kama mvuke takriban asilimia 80 hubaki mwilini, ikaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu wapo wanaochomea ndani ya nyumba, karibu na vyombo vya chakula.

Sehemu ya mvuke huanguka na mvua, ikafika mitoni na ziwani, ambako bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu inayopanda kutoka samaki wadogo hadi wakubwa. Ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa unaotokana nayo ulitambuliwa mwaka 1956. Kwa bahati njema, samaki wa Ziwa Victoria waliopimwa kwa kawaida wamekutwa na zebaki chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kikomo kinachotumika sana kwa samaki wa kuliwa.

Kipo chombo cha chuma cha kuchomea donge, kinachofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke ukarudi kuwa majimaji, na mchimbaji akaitumia tena zebaki ileile aliyoinunua. Asiyekuwa nacho bado, walau alitoe jiko hilo nyumbani leo, mbali na watoto.