Ndugu Aliyeacha Unga Anaporudia: Familia Ifanye Nini

Wazazi wengi wanaofika katika kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, yaani unga, huwa na swali moja, nao huliuliza kwa sauti ya chini: "Alikuwa ameshaacha kabisa, sasa imekuwaje?" Mama mmoja alitusimulia kwamba mwanawe alirudi kutoka nyumba ya upataji nafuu, ambayo wengi huiita soba, akiwa amenenepa, familia ikapika pilau na kuwaita majirani. Wiki ya tatu akaanza kumwona anakaa chooni muda mrefu na kusinzia sahani ikiwa mbele yake, na siku moja akakuta mtungi wa gesi haupo jikoni. Usiku huo alimtolea begi nje. Hatumlaumu, kwa kuwa alikuwa amechoka mno. Lakini usiku huo kijana yule alikuwa katika hatari ya kufa kuliko pengine wakati wowote wa miaka aliyotumia heroini.

Sababu yake ni ya kimwili. Mwili wa anayetumia heroini kila siku huizoea, naye hulazimika kuongeza kiasi ili apate nafuu ileile. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe soba, hospitalini au gerezani, mazoea hayo ya mwili hupungua, ilhali yeye mwenyewe bado anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akikirudia, pumzi hupungua polepole na huweza kukatika, hasa akichanganya na pombe au vidonge kama valiamu. Mtu aliyefukuzwa na kujificha peke yake hana wa kumgeuza ubavu.

Ukimkuta ndugu yako hazinduki hata akiitwa na kusuguliwa mfupa wa kifua kwa nguvu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo inageuka rangi na anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, usimwache alale ukitumaini kwamba unga utamwisha wenyewe. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali mara moja na useme wazi ametumia nini, maana ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha upumuaji, na kila dakika ya kuficha inampunguzia nafasi. Maziwa au maji ya chumvi usimpe kabisa, kwa sababu asiyejitambua hupaliwa.

Familia nyingine huamua kumfungia chumbani mpaka arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, iishe. Miayo, mafua, maumivu ya mifupa, kutapika na kuharisha huwa vikali zaidi siku ya pili na ya tatu, na mwili unaweza kuishiwa maji. Kwa mjamzito, kuacha ghafla huhatarisha mimba. Hata akivuka salama, atatoka chumbani akiwa na hamu ileile na mwili usioweza tena kustahimili kipimo chake, yaani hatari ileile niliyoieleza hapo juu.

Uraibu ni ugonjwa sugu, na mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye presha imempanda tena hatolewi begi nje, bali hurudishwa kwa daktari. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na sasa huduma hiyo ipo katika mikoa kadhaa bila malipo. Ni dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto kwa saa 24 au zaidi. Kauli kwamba huko ni kubadilisha unga kwa unga mwingine imewatoa wengi kwenye matibabu, nami naomba isitamkwe mbele ya mgonjwa. Akikosa dozi kwa siku tatu mfululizo au zaidi, arudi kliniki kipimo chake kikadiriwe upya. Kuhusu nauli, fedha taslimu mkononi ni kishawishi kikubwa katika wiki za mwanzo. Ni heri ndugu mmoja apande naye daladala.

Nyumbani, zungumzeni naye akiwa ametulia. "Mwanangu, nimeona umerudia. Umetumia lini mara ya mwisho, na umechanganya na nini?" Maswali hayo yanasaidia kuliko kumwapisha kwa msahafu au Biblia, kwa sababu aliyeapa akateleza hujifunza kuficha, na anayeficha hutumia peke yake. Kufunga kabati na kukataa kulipa madeni ya kijiweni si ukatili, mradi chakula na mahali pa kulala visiwe adhabu.

Mama yule alimpata mwanawe siku ya nne, kwenye kibaraza cha jirani, akamleta kliniki akiwa na begi lilelile. Kijana ana miezi mitano kwenye methadoni sasa. Ameteleza mara mbili tangu aanze, na mara zote mbili alimwambia mama yake kabla hajaulizwa.