Je, wajua? Kwa nini Bee Thousand inasikika kama kaseti ya nyumbani

Kwa sababu ni kaseti ya nyumbani kweli. Albamu hiyo ya Guided by Voices, bendi ya roki ya mji wa Dayton, Ohio, nchini Marekani, ilitoka mwaka 1994 kwa lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya Scat. Robert Pollard, mtunzi na mwimbaji wake mkuu, alifundisha shule ya msingi kwa miaka 14. Muziki aliurekodi nje ya saa za kazi, majumbani na marafiki zake, kwa mashine ya kaseti ya traki nne, yaani njia nne za sauti zinazolala sambamba kwenye utepe.

Kaseti ya stereo ina traki nne: mbili za upande A, mbili za upande B. Mashine hii huzitumia zote nne kwa pamoja, kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo kanda ya dakika 60 inakupa dakika 30 tu, na mashine ikiwa ya kasi maradufu, 15. Ukiitia kanda hiyo kwenye redio kaseti ya kawaida unasikia traki mbili. Ukiigeuza, zile mbili nyingine zinapigwa kinyumenyume.

Utepe wenyewe haufiki upana wa milimita 4, na kila traki haifiki milimita 1. Traki ikiwa nyembamba hivyo, muziki unanaswa kwa udhaifu na ule mvumo wa "shhh" unajitokeza. Balaa linakuja ala zikizidi nne. Unajaza traki tatu, tuseme dramu, besi na gitaa, unazichanganya ziingie kwenye ya nne, halafu unarekodi vitu vipya juu ya zile tatu. Mvumo wa traki zote tatu unahama pamoja na muziki, na ya nne inaongeza wake. Ukikosea kupima, dramu zikaimeza besi, huna pa kurudi: za mwanzo zimeshafutika. Tena kichwa cha mashine, yaani sehemu inayogusa utepe, kikishika uchafu, sauti kali kama za matoazi ndizo zinazofifia kwanza, ndiyo maana kinafutwa kwa pamba yenye spiriti.

Uzuri ni kwamba utunzi wa Pollard uliizoea mashine hiyo. Kiitikio kikishatua vizuri, wimbo unaisha. Hauzungushwi mara ya tatu ili kujaza muda. Ndiyo maana Bee Thousand ina nyimbo 20 ndani ya dakika zipatazo 36, na albamu ya Alien Lanes ya 1995 ina 28 ndani ya dakika kama 41. Melodi zake ni imara kiasi kwamba mvumo hauzifuniki.

Bidii hiyo ilianza kabla ya umaarufu. Albamu ya Propeller ya 1992 ilitolewa nakala 500 tu za santuri, majalada yakatengenezwa kwa mkono, kila moja na sura yake. Baadaye bendi iliingia studio kubwa. Albamu ya Do the Collapse ya 1999 ilisimamiwa na Ric Ocasek, mwimbaji wa bendi ya The Cars. Sauti ni safi, ila ule ukaribu wa chumbani umepungua.

Ukitaka kuusikia, vaa visikizio ucheze wimbo wa kwanza wa Bee Thousand. Katikati ya wimbo gitaa linapotea ghafla, kisha linarudi. Waliliacha hivyo hivyo.