Kumpigia Farasi Viatu au Kumwacha Peku: Maana ya Kuota na Kulika kwa Ukwato

Ukwato wa farasi hauachi kuota. Kila mwezi hurefuka milimita 6 hadi 10 hivi, mnyama awe kazini au amesimama tu bandani. Wakati huohuo ardhi inaula kwa chini: mchanga, changarawe na lami vinausugua kila hatua. Ukiweka magonjwa kando, utunzaji wote wa kwato umejengwa juu ya mambo haya mawili. Ukwato ukiota kuliko unavyolika, sharti ukatwe. Ukilika kuliko unavyoota, sharti ukingwe. Kiatu cha chuma kilibuniwa hasa kwa ajili ya hali hii ya pili, na wengi wanaomvalisha farasi wao viatu hawajawahi kujiuliza kama yuko katika hali hiyo.

Naanzia hapo kwa sababu mabishano kuhusu viatu huanzia pabaya. Mmoja anasema farasi ameumbwa peku na chuma ni ukatili, mwingine anasema farasi wa kazi bila chuma ni uzembe. Wote wawili wanazungumzia farasi kwa jumla, ilhali swali linamhusu farasi huyu, mwenye kwato hizi, anayefanya kazi hii juu ya ardhi hii.

Ili kulijibu, inua mguu, uusafishe vizuri, kisha uutazame kwa chini. Sehemu ngumu inayozunguka nje ndiyo ukuta wa ukwato. Huo hauna mishipa ya fahamu, kama ncha ya ukucha wako, ndiyo maana fundi wa kwato na viatu anaweza kuukata, kuupiga tupa na hata kuuwekea chuma cha moto bila farasi kushtuka. Ndani ya ukuta unazunguka mstari mwembamba wa rangi ya maziwa au manjano hafifu. Huu ni mstari mweupe, mahali ukuta unapoungana na unyayo, na ndio mpaka wa kuheshimiwa kuliko wote: nje yake hakuna maumivu, ndani yake unakaribia nyama hai. Unyayo wenyewe umebonyea kidogo ili usibebe uzito wote. Katikati kuanzia nyuma kuna sehemu ya pembetatu, laini inayobonyezeka, inayogusa ardhi na kusaidia kupunguza kishindo. Juu yake, usipopaona, kuna mto wa nyuzinyuzi na mafuta unaofanya kazi hiyohiyo.

Kitu kimoja zaidi kisichoonekana: mfupa ulio ndani ya ukwato haukukalia unyayo. Umening'inizwa kwenye ukuta kwa mamia ya vikunjo vyembamba vilivyoshikana, vya upande wa mfupa vikiingia katikati ya vile vya upande wa ukuta. Farasi mzima wa kilo 500 ananing'inia humo, na miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito huo. Vikunjo hivyo vikiharibika, hakuna kiatu wala mafuta ya kupaka yatakayovirudisha haraka.

Ukuta huota kuanzia juu, kwenye ukingo unaopakana na manyoya, ukishuka polepole. Kwa upande wa mbele, kutoka juu hadi chini huchukua kati ya miezi 9 na 12. Kwa hiyo ufa kwenye ukuta hauungi kama jeraha la ngozi. Unadhibitiwa usiendelee kupanda, kisha unasubiriwa ushuke na kukatwa. Lishe unayobadilisha leo utaiona chini mwakani. Farasi mwenye kwato dhaifu hupewa biotini, vitamini mojawapo ya kundi B, kwa kawaida miligramu 15 hadi 20 kwa siku, na mwenye farasi anayeacha baada ya mwezi kwa kuwa "haijasaidia" hakuipa nafasi hata ya kuonekana. Ukipitisha kidole juu ya ukuta utahisi mistari ya mlalo, mingine imejitokeza kuliko mingine. Hiyo ni kumbukumbu ya mabadiliko ya malisho, homa na shida nyingine alizopitia farasi ndani ya mwaka.

Sasa tuje kwenye kiatu chenyewe. Fundi anaanza kwa kukata na kusawazisha ukwato, ndipo anakilinganisha chuma nao. Kiatu ndicho kinachokunjwa kufuata ukwato. Ukimwona mtu anaupunguza ukwato kwa tupa ili ukitoshe kiatu alichokuja nacho, msimamishe. Misumari hupigiliwa kwenye ukuta, nje ya mstari mweupe. Ncha ya kila msumari imechongwa upande mmoja ili ipinde kuelekea nje inapoingia, itokeze ubavuni sentimita chache juu ya kiatu, ikatwe na kukunjwa. Simama karibu usikilize. Msumari unaopita kwenye ukuta mgumu hutoa mlio mkali unaopanda kadiri unavyoingia. Ukiingia kwenye sehemu laini mlio hufifia, na fundi mzuri huuchomoa palepale.

Mara nyingi misumari haizidi minane kwa mguu, na huwekwa nusu ya mbele. Sababu ni kwamba ukwato si kigingi kikavu: kila unapokanyaga, visigino hutanuka kidogo, na unapoinuliwa hurudi. Ukitaka ushahidi, chukua kiatu kilichovuliwa leo uangalie upande uliokuwa umeelekea ukwato. Huko nyuma, palipokaa visigino, utakuta chuma kimeng'aa na kuchimbika vijifereji. Vimechimbwa na ukwato wenyewe kwa kusugua, hatua baada ya hatua. Misumari ingesogezwa nyuma kupita sehemu pana kuliko zote, utanukaji huo ungezuiwa.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo kila mwenye farasi mwenye viatu anapaswa kulielewa kabla ya mengine yote: kiatu huzuia kulika, hakizuii kuota. Ukwato ulio juu ya chuma unaendelea kurefuka, tena kuelekea mbele, huku chuma kikisafiri nao. Baada ya wiki kadhaa kiatu kilichokuwa kimekaa sawasawa chini ya mguu kimesogea mbele, visigino vimebaki bila egemeo, na mbele ya ukwato imekuwa ndefu. Farasi analazimika kuchelewa kuinua mguu, na mzigo unahamia kwenye kano zinazoteremka nyuma ya mguu na kwenye mfupa mdogo ulio nyuma ya mfupa wa ukwato. Kwa hiyo farasi mwenye viatu anamhitaji fundi kwa ratiba kali kuliko wa peku, ambaye angalau ardhi inamsaidia kupunguza. Wengi huhesabu wiki 6 kwa mwenye viatu, wengine kwato zao huota haraka na wanataka 4 au 5. "Viatu bado vizima" si sababu ya kuahirisha. Chuma kinaweza kuwa kizima wakati ukwato ulio juu yake umeshapotoka.

Dalili za kuchelewa hazihitaji utaalamu. Ncha za misumari zilizokunjwa huanza kuinuka ubavuni, ukuta hufurika nje ya kiatu, kiatu hugonga kwa mlio wa kulegea kwenye lami. Mtazame pia farasi kwa ubavu akiwa amesimama kwenye sakafu tambarare: mstari wa mbele wa ukwato na wa kifundo kilicho juu yake unapaswa kunyooka pamoja. Ukivunjika kwa nyuma, yaani ukwato umelala kuliko kifundo, mbele imerefuka mno.

Je, nani anahitaji viatu? Farasi anayetembea kilomita nyingi kila siku juu ya lami au mawe, kwa sababu analika kuliko anavyoota. Farasi wa mashindano anayepaswa kukata kona kwenye nyasi zilizolowa, kwa sababu anahitaji kushika ardhi, na kiatu kinaweza kufungwa vishikio vya kuzuia utelezi. Farasi mwenye unyayo mwembamba au ukuta unaomeguka hovyo. Na mgonjwa ambaye daktari na fundi wamekubaliana awekewe kiatu maalumu, kwa mfano ambacho ncha zake mbili za nyuma zimeunganishwa kwa chuma ili visigino vipate egemeo. Wengi wa farasi wengine, hasa wanaopandwa mara chache kwenye ardhi laini, wanaweza kuishi peku, na mimi naona ni vizuri waanze hivyo na chuma kije kikihitajika. Chuma kina gharama zake mguuni: kinaongeza uzito mwishoni mwa kiungo, kinatoboa ukuta kila kinapobadilishwa, kinateleza kwenye lami, na teke la farasi aliyekivaa linaweza kumvunja mwenzake mfupa. Wengi huwavua viatu vya nyuma farasi wanaolishwa kundini kwa sababu hiyo ya mwisho. Kuvalisha miguu ya mbele peke yake ni uamuzi halali kabisa, kwa kuwa ndiyo inayobeba zaidi.

Kuhusu malighafi sitakaa sana. Chuma laini cha kawaida kinadumu na kinapindika vizuri kwenye fuawe, ndiyo maana kimetawala. Alumini ni nyepesi, hutumika sana kwenye mbio, ila huisha upesi. Viatu vya plastiki vya kugundisha kwa gundi huwafaa farasi ambao ukuta wao hauwezi kushika misumari. Kisha kuna buti za kwato, zinazovaliwa wakati wa safari na kuvuliwa baadaye. Wazo lenyewe si geni, kwani Warumi walizifungia kwato vyuma vya kuvua kabla viatu vya misumari havijaenea Ulaya. Buti hufaa sana kwa anayepanda mara chache, kwa sharti kwamba zinakaa sawa. Buti inayozunguka mguuni au kuchubua ngozi juu ya ukwato ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kumvua farasi viatu pia kunahitaji subira. Siku ya kwanza atatembea kwa tahadhari kwenye changarawe, na hilo halimaanishi kwamba jaribio limeshindikana. Unyayo uliokuwa umeinuliwa juu ya ardhi kwa miaka unahitaji muda kuwa mnene, na ukuta wenye matundu ya misumari utameguka kingo hadi matundu hayo yashuke na kukatwa. Anza wakati farasi yuko mapumzikoni, kwenye ardhi laini, ongeza ugumu kidogo kidogo, tumia buti panapolazimu. Akiendelea kuumia wiki baada ya wiki, mrudishie viatu bila kuona aibu. Anayemwacha farasi akichechemea ili kuthibitisha msimamo wake amesahau aliyeanza kumhurumia.

Kazi ya kila siku ni yako, fundi hawezi kuja kukufanyia. Chokoa kwato kwa kile chuma kilichopinda, ukianzia kisigino kuelekea mbele, na upite taratibu kwenye mifereji ya kando ya pembetatu. Nusa. Harufu kali ya kuoza pamoja na uchafu mweusi unaonata ni maambukizo ya pembetatu, yanayotokana zaidi na kusimama kwenye matandiko machafu yenye unyevu. Dawa haitasaidia banda likibaki vile. Kisha weka kiganja juu ya ukuta. Ukwato mmoja wa moto kuliko mingine, mapigo makali ya damu nyuma ya kifundo na kuchechemea kwa ghafla mara nyingi ni jipu ndani ya ukwato. Kwato mbili za mbele za moto, na farasi anayeegemea nyuma asitake kutembea, ni dharura: huenda ni laminitisi, kuvimba kwa vile vikunjo vinavyoshika mfupa. Hutokea farasi anapovamia ghala la nafaka, akinenepa kwenye majani mabichi yenye sukari nyingi, au akiwa na matatizo ya homoni. Usimtembeze "achangamke". Mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo, mwache kwenye matandiko mazito na umwondolee nafaka.

Ukikuta msumari wa barabarani umemchoma unyayoni, silika itakuambia uung'oe. Daktari akiweza kufika upesi, uache, uuzungushie kitu kinene ili usizame zaidi kila anapokanyaga. Picha ya eksirei ikipigwa msumari ukiwa ndani humwonyesha ulipofika, kwenye kiungo au la, na matibabu yanategemea hilo.

Kwa wenye punda, msichukue vipimo hivi vyote kama vilivyo. Ukwato wa punda umesimama wima zaidi na ni mwembamba, na fundi anayeukata ulale kama wa farasi anamwumiza.

Kumchagua fundi ni sehemu ya uamuzi wa viatu. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1975 inamkataza mtu asiyesajiliwa kumpigia farasi viatu, hata awe wake mwenyewe. Pasipo sheria kama hiyo, jitazamie: fundi anayefaa humtembeza farasi na kumwangalia anavyokanyaga kabla hajashika koleo, na humtembeza tena akimaliza. Mwulize kwa nini amechagua kiatu hicho na si kingine, kisha mwandikie tarehe ya kurudi kabla hajaondoka. Kiatu kikichomoka kabla ya tarehe hiyo, shuka, usiendelee kupanda, kiokote ukitunze kwa sababu fundi anaweza kukirudisha, chunguza kama kuna msumari uliobaki, na uufunge ukwato kwa kitambaa kinene au buti hadi atakapofika.