Kuthamini Gari la Zamani Dar es Salaam: Anza na Kilichopungua

Wengi wanaoniletea picha za gari la zamani huniuliza kwanza kama injini inawaka. Ni swali la haki kwa mtu anayetafuta gari la kwendea kazini, lakini kwa gari lililotengenezwa kabla ya mwaka 1980 swali hilo halistahili uzito linaopewa. Injini ya Land Rover iliyolala miaka mingi inaweza kufunguliwa kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, bloku ikapelekwa karakana ya mashine kuchongwa upya, ikafungwa pistoni na ringi mpya, na gari likarudi barabarani. Kioo cha nyuma cha Peugeot 404, au fremu ya taa ya Ford Zephyr, hakuna fundi wa hapa atakayekitengeneza kikakaa sawasawa, na kukitafuta kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ukarabati wote uliobaki. Kazi yangu ni kuyatafuta magari haya na spea zake kwa niaba ya wanunuzi, na kuyakadiria bei, na msimamo wangu ni kwamba katika jiji hili thamani ya gari la zamani hupangwa zaidi na vitu lilivyopoteza kuliko na vitu lilivyobaki navyo.

Sababu yake ni ya kiuchumi. Kule Uingereza au Ujerumani, mtu anayelifufua gari kuukuu hulipa pesa nyingi kwa saa za fundi, lakini spea anaagiza kwa simu na kuletewa mlangoni. Kwetu hali imegeuka: tuna mafundi wa kunyoosha bodi, kuchomea, kukereza na kushona viti ambao kazi yao ni nzuri na gharama yao inavumilika, ila spea huagizwa ng'ambo, hulipiwa usafiri, na hukatwa kodi bandarini au uwanja wa ndege kabla ya kukufikia. Ndiyo maana bei unazoziona kwenye minada ya Ulaya haziwezi kubadilishwa kuwa shilingi na kubandikwa kwenye gari lililoko Chang'ombe. Kinacholiangusha gari kule, yaani kutu na mikunjo ya bodi, kwetu huangusha kidogo, na kile ambacho kule hakiwashtui wanunuzi, yaani vitu vidogo vilivyopotea, kwetu ndicho kinachoangusha zaidi.

Ili kuelewa kwa nini vitu hivyo vidogo vimepotea, inafaa kukumbuka magari haya yaliishije. Mengi yaliingia nchini kupitia mawakala wa miaka ya 1950 na 1960, wakati mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa yakiwaonyesha watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika ni gari gani linalostahimili barabara zetu. Volkswagen ilikuwa miongoni mwa washindi wa miaka ya mwanzo, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Sifa hiyo iliuza magari. Baadaye ikaja miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu na gari jipya lilikuwa ndoto kwa mtu wa kawaida. Mwenye gari alilitengeneza kwa chochote kilichopatikana: kabureta ya Datsun kwenye Cortina, difu ya gari lingine lililopata ajali, taa za lori. Ninawaheshimu sana mafundi wa kipindi kile, kwa maana bila ubunifu wao leo tusingekuwa na gari hata moja la kuzungumzia. Lakini matokeo yake ni kwamba gari lenye vitu vyake lilivyotoka navyo kiwandani ni nadra, na unadra huo ndio anaolipia mnunuzi makini. Asiyewahi kuliona gari la namna hiyo likiwa limetunzwa na aende Makumbusho ya Taifa hapa mjini, ambako kuna magari ya kihistoria, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, ayatazame maungio na vitasa kwa utulivu.

Kuhusu mahali pa kutafuta sitasema mengi. Nyumba za zamani za Upanga na Oysterbay bado zina mabanda ya gari yasiyofunguliwa mara kwa mara. Misheni na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yana Land Rover na malori ya Bedford yaliyoegeshwa chini ya miembe. Gari lililolala Dodoma au Iringa huwa na chuma kizima kuliko la Kigamboni, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma. Madalali wana msaada wao, ila habari za uhakika nimezipata zaidi kwa mafundi wastaafu waliowahi kufanya kazi kwa mawakala. Wao hukumbuka gari lilikuwa la nani na lilipata ajali wapi. Anayetafuta ajue pia kwamba anashindana na wanunuzi wa chuma chakavu, ambao hununua kwa kilo na hawahitaji muda wa kufikiri. Gari likishakatwa, hata vile vipande vyake visivyopatikana tena huondoka na mzigo.

Ukilifikia gari, usianze na boneti. Anza na namba. Kwenye Land Rover ya matoleo ya Series II na IIA, namba ya chesisi, yaani ya fremu ya chini inayobeba gari, iko kwenye kibati ndani ya kabini, lakini pia imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi, mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikiliwa. Paguswe kwa brashi ya waya na mafuta kidogo, taratibu, bila kusaga kwa mashine, hadi tarakimu zionekane. Tarakimu tatu za mwanzo husema gari ni la namna gani: kwa Series IIA ya mwaka 1962 na kuendelea, 242 ni gari fupi la petroli, lenye inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, usukani kulia, lililojengwa kiwandani kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza, na 243 ni hilohilo lililosafirishwa kwa vipande ili liunganishwe huku. Kibati kikisema jambo moja na chesisi ikasema jingine, mbele yako kuna magari mawili yaliyofanywa kuwa moja, na bei ishuke. Namba zikilingana, unaweza kuomba cheti kutoka makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, yanayotunza vitabu vya viwanda vya huko, kikakuambia gari lilitoka lini na lilipelekwa wapi. Kwa Volkswagen ya mgongo wa duara, inua kiti cha nyuma; namba imegongwa juu ya tuta la katikati la sakafu.

Baada ya namba, chuma. Watu hutembea na sumaku wakitafuta mahali palipojazwa puti, na kwa gari la bati ni njia nzuri. Kwenye Land Rover haikusaidii, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu. Ugonjwa wake uko kwenye chesisi na kwenye ukuta kati ya injini na kabini, ambavyo ni chuma, na pale ambapo aluminiamu inakutana na chuma katika hewa ya chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na uigonge chesisi kuanzia nyuma kwenda mbele, ukisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti ya wazi, na kilichooza hutoa sauti ya kufa, na mara nyingine nyundo huingia. Oza la chesisi linachomelewa hapa vizuri, mradi fundi akate hadi kwenye chuma safi badala ya kubandika kiraka juu ya kutu.

Kisha ndipo utengeneze orodha ya kilichopungua, na hapa nawaomba wasomaji wawe na subira, maana ndipo bei inapozaliwa. Mimi hupanga vitu vilivyokosekana katika mafungu matatu. La kwanza ni vitu visivyo vya mtengeneza gari hata kidogo. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetoka kwenye gari la mwaka 1955 au kwenye pampu ya maji ya mwaka huu, na muuza beringi wa Kariakoo hahitaji kujua gari lako ni la aina gani. Vivyo hivyo oili sili nyingi, mikanda na plagi. Mtu anayeuziwa beringi kwa bei kubwa kwa kuwa eti ni ya gari la kale, anaonewa.

Fungu la pili ni vitu vya mtengenezaji ambavyo bado vinatengenezwa au vimejaa sokoni. Volkswagen ile ya mgongo wa duara iliendelea kutengenezwa Meksiko hadi mwaka 2003, na saluni za Peugeot 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha mwaka 1983, kwa hiyo spea zake za mitambo hazijatutoka. Hapa silaha yako ni namba ya spea. Ya Volkswagen husomwa kwa tarakimu tatu tatu: fungu la kwanza la tarakimu hutaja aina ya gari, kama 113 au 211, na tarakimu inayoanza fungu la pili hutaja sehemu, ambapo 1 ni injini, 6 ni breki na magurudumu, 8 ni bodi na 9 ni umeme. Herufi ya mwishoni huonyesha marekebisho. Ukienda dukani na namba hiyo umeiandika, mazungumzo huwa mafupi na ya kweli. Tahadhari ni kwamba spea zinazofanana kwa macho huweza kukataana: injini ya Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kubwa tatu za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hadi mwaka 1980 ilipobadilishwa kuwa tano, na krenki ya moja haiingii kwenye bloku ya nyingine, hata muuzaji aape.

Fungu la tatu ni vile visivyopatikana: vioo vilivyopinda, vitasa, fremu za taa, nembo, saa za dashibodi, swichi, vifuniko vya magurudumu. Hivi ndivyo ninavyovitafuta kabla sijataja bei ya gari, na kama sijavipata, au sijapata mtu wa uhakika wa kuniletea, gari hilo nalithamini kama gari la kutolea spea. Katika fungu hili pia ndimo uongo mwingi ulipo, kwa hiyo jifunze kusoma kitu chenyewe. Dainamo ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, kwa mfano, ukiifuta mafuta na kuielekeza kwenye mwanga kwa pembeni, utaona ubavuni pamegongwa aina yake, tuseme C40, namba ya spea, na kando yake tarakimu ndogo za mwezi na mwaka, kama 5 64 kwa Mei 1964. Dainamo iliyogongwa miezi michache kabla ya gari kutoka kiwandani ina thamani kubwa kuliko iliyogongwa miaka sita baadaye, ijapokuwa zote mbili zinachaji sawa. Nimeona wauzaji wakizisaga alama hizi ili kitu kionekane kipya. Huko ni kuharibu ushahidi pekee uliokuwepo.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, gari la aina fulani likikamilika vizuri litauzwa shilingi milioni 30. Chukua mawili ya aina hiyo. La kwanza lina rangi inayong'aa na injini inayowaka, lakini halina vioo viwili, taa zake wala saa zake. Spea zitagharimu milioni 11, ufundi milioni 6 na rangi milioni 3, jumla milioni 20. Juu ya gharama huwa naongeza robo yake kwa yale yasiyoonekana, nayo ni milioni 5. Kinachobaki kwa mwenye gari ni milioni 5. La pili limeoza sakafu na liko juu ya mawe, ila halijapungukiwa kitu. Spea milioni 4, ufundi milioni 10, rangi milioni 3, jumla milioni 17, na robo yake ni milioni 4.25. Mwenye gari hili anaweza kulipwa milioni 8.75, na bado mnunuzi yuko salama. Sokoni utakuta la kwanza linaitishwa mara mbili ya la pili, na wanunuzi wanalipa kwa furaha.

Anayefikiria kukwepa haya kwa kuagiza gari zima kutoka nje akumbuke kwamba ushuru wa forodha ni asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 juu ya jumla ya thamani ya gari na ushuru, na gari lililozidi miaka kumi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa magari machache ya pekee gharama hiyo inabebeka. Kwa mengi, lililokwisha kuwepo nchini ndilo lenye akili.

Limebaki suala la karatasi, ambalo huliweka mwisho kwenye kazi yangu ingawa linaweza kufuta yote yaliyotangulia. Gari lenye namba za usajili za zamani za TZ na kadi yake asilia, hata kama kadi imechakaa, liko mbali kithamani na lile ambalo kadi "ipo, inatafutwa". Wamiliki wengi wa kwanza wameshafariki, na gari limebaki uani kwa mjane au kwa watoto. Nikifika nyumba kama hiyo, baada ya shikamoo na pole, namwambia mama kwamba sitataja bei leo. Namwomba nione kadi na nijue msimamizi wa mirathi ni nani. Kijana wa nyumba akikupigia simu usiku akikuambia uje na hela asubuhi kabla ndugu zake hawajaamka, usiende. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ndiye wa kutia saini, mkataba uandikwe namba ya chesisi kama ilivyosomwa kwenye chuma, siyo kwenye kibati peke yake, mashahidi wa pande zote mbili wawepo, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA kabla gari halijafunguliwa hata boliti moja.