Kwa nini mgonjwa wa kiharusi apimwe koo kwa altrasaundi?

Mgonjwa wa kiharusi akizungumza kwa sauti iliyokauka, na kila akinywa maji anapaliwa, kuna swali la kujibu kabla ya kumpa hata kikombe cha uji: je, nyuzi zake za sauti zinafunga?

Nyuzi hizo ziko mbili, ndani ya kikoromeo. Tukiongea hutetemeka, kwa wastani mara 100 hivi kwa sekunde kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni kulinda mapafu, kwani tukimeza hukutana na kuziba njia ya hewa. Neva inayoziendesha inaanzia chini kabisa ya ubongo, kwenye shina lake. Kiharusi kikipiga hapo, uzi wa upande huohuo unaweza kupooza, na pengo linalobaki hupitisha mate na chakula hadi mapafuni. Nimonia hufuata. Hatari kubwa ni kwa wale ambao koo limekufa ganzi: chakula kinapita njia mbaya na hawakohoi hata kidogo.

Kipimo cha kuaminika zaidi bado ni kamera nyembamba inayopitishwa puani, ila inahitaji mtaalamu na mgonjwa wa kuivumilia. Altrasaundi hufanyika palepale kitandani, bila mionzi. Daktari hupaka jeli mbele ya shingo na kulaza kifaa juu ya kikoromeo. Kwenye skrini huonekana umbo la pembetatu, na ndani yake nyuzi mbili nyeusi. Mgonjwa akisema "iii", uzi mzima husogea katikati. Uliopooza unabaki pale pale. Asiyeweza kusema, maana kiharusi huweza kumnyang'anya mtu maneno, huangaliwa akipumua au akikohoa.

Kikwazo ni umri. Gegedu la kikoromeo hukomaa likawa kama mfupa, hasa kwa wanaume, na mawimbi ya sauti yanayotoka kwenye kifaa hugonga hapo yakarudi. Wazee wa kiume, ambao ni wengi miongoni mwa wagonjwa hawa, ndio picha zao huwa na giza. Hapo daktari hujaribu kupitia ubavuni mwa shingo, au anarudi kwenye kamera.

Altrasaundi ya nyuzi peke yake haimruhusu mtu kula. Kumeza hupimwa vilevile. Uzi mmoja ukionekana umelala, mtaalamu wa kumeza anaweza kumfundisha mgonjwa kugeuza uso upande uliopooza kila anapomeza, ili chakula kishuke upande wenye nguvu.