Hujajaza fomu, lakini tovuti imekuona

Ninatunza tovuti ya shule moja ya binafsi. Ninaweka matangazo, ada na matokeo, na nina funguo za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Humo ndani kuna daftari ambalo wageni wengi hawajui kwamba lipo: kila ukurasa unapofunguliwa, seva inaandika mstari mmoja. Siku moja nilikuta mistari mitatu iliyofuatana. Saa 8:14 usiku, simu ya Android, mgeni katokea Google, kafungua ukurasa wa ada. Saa 8:16, ada tena. Saa 8:31, ada. Hakuandika jina wala kutuma ujumbe, lakini nilibaki nimeikodolea macho mistari ile kama mtu aliyesikia mazungumzo yasiyomhusu.

Kwa hiyo nikiambiwa "Sijajaza fomu yoyote, hawana taarifa zangu", namkumbuka yule mgeni. Kivinjari chako, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kinabisha hodi na kujitambulisha: anwani ya IP (namba unayotambulishwa nayo mtandaoni), aina ya simu na toleo la programu, lugha, mara nyingi hata tovuti uliyotokea. Bila anwani, seva isingejua ukurasa iurudishe wapi.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba tovuti inaona mpaka nyumba unayolala na namba yako ya simu. Hapana. Anwani ya IP huonyesha kampuni ya mtandao na eneo kwa kukadiria tu. Kwenye mitandao ya simu, wateja wengi huchangia anwani moja, na mgeni aliye Mbeya anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam.

Wengine husema "Vidakuzi ni virusi." Kidakuzi (cookie) ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakiachia kivinjari chako ikutambue ukirudi. Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alikibuni mwaka 1994 kwa sababu tovuti hazikuwa na kumbukumbu. Hakipekui mafaili yako. Kinachonisumbua mimi ni wageni wasioalikwa. Mwenye tovuti akibandika video ya YouTube, ramani ya Google au kitufe cha Facebook, kivinjari chako huenda kuvichukua kwa kampuni hizo zenyewe, nazo zinaweza kujua uko kwenye ukurasa gani hata usipobonyeza kitu. Kampuni iliyopo kwenye tovuti elfu inaweza kukufuata kote huko: asubuhi umesoma habari za kisukari, mchana umetafuta mkopo. Na wengi wanaobandika vitu hivyo hawana nia mbaya. Mimi mwenyewe niliweka ramani ya shule bila kufikiria hilo.

"Kuna kufuli, tovuti ni salama." Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti maana yake njia imefungwa, asiyehusika asisome kilichopita kati yako na seva. Tapeli naye anaweza kupata kufuli bila kulipa hata senti. Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa kuwa watu waliielewa vibaya.

"Natumia hali fiche." Hali fiche (incognito), ambayo kivinjari hakiweki kumbukumbu ya ulikopita, inakuficha kwa mtu atakayeshika simu yako baadaye. Tovuti inakuona vilevile. Mwaka 2024, katika kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020, Google ilikubali kufuta au kuondoa utambulisho kwenye mabilioni ya kumbukumbu za watu waliodhani hawaonekani.

"Wana sera ya faragha, basi hawatoi taarifa zangu." Sera inaeleza wanachofanya, na huenda inasema waziwazi kwamba wanagawa. Soma sehemu mbili tu: wanampa nani, na wanakaa nazo muda gani. Isitoshe, karatasi haifungi mlango. Niliwahi kuomba kazi kupitia tovuti ya ofisi moja iliyokuwa na sera ndefu. Fomu ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya simu na majina ya wazazi. Wiki chache baadaye rafiki alinirushia faili la Excel lililokuwa likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: waombaji wote, mimi nikiwa katikati ya orodha, na jina la mama yangu pembeni.

Nilipolalamika, jamaa mmoja aliniambia "Sheria hizo ni za Ulaya." Si kweli. Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inakupa haki ya kuuliza wana nini juu yako, kudai kirekebishwe au kifutwe, na kukataa kutangaziwa biashara. Ukipuuzwa, unapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Habari ile niliipeleka kwa mwalimu mkuu, kwa sababu ukurasa wetu wa mbele ulijaa nyuso za watoto. Tulizitoa siku ileile, na daftari la seva nikaliwekea kikomo cha siku 30. Mzazi mmoja akauliza kama picha za mwanawe zimeisha kabisa. Nilimweleza kwamba kwenye tovuti hazipo, ila nakala rudufu za miezi iliyopita bado zinazo, na aliyezipakua alishazipakua. Nakala zilizo mikononi mwetu nazisafisha moja baada ya nyingine.